Mgeni Anadaiwa Nini?

Swali lilianzia kwenye grupu ya WhatsApp. Tulikuwa wanne, tumechoka na Nairobi, na tumechoka na Naivasha pia, maana kila wikendi ndefu watu ni Naivasha. Nikaandika: twendeni Kisii. Kimya. Halafu mmoja akauliza, "Kisii kuna nini cha kuona?"

Niliumia kidogo, na kwa sababu niliumia nikaanza kuuza. Niliandika kama mtu wa kampuni ya utalii. Kuna Nyanchwa, kile kilima cha pale Kisii mjini, tutalala kwa shangazi yangu, bure kabisa. Kuna ukuta wa Manga, ukisimama juu na hewa ikiwa safi unaona mbali hadi upande wa Ziwa Victoria. Kuna Tabaka, kule yale mawe laini yanakochongwa. Kuna mashamba ya chai ya Nyamira. Nikaongeza picha tatu za mtandaoni. Grupu ikachangamka na plani ikaiva: Ijumaa safari, Jumamosi Manga na Nyamira, Jumapili Tabaka, na kwa vile Jumatatu ilikuwa sikukuu, turudi siku hiyo polepole.

Usiku nilipoisoma tena ile plani, kuna kitu kilinikwaruza. Nilikuwa nimeeleza nyumbani kwa baba yangu bila kumtaja mtu hata mmoja anayefanya jambo lolote. Vilima vilikuwepo, mawe yalikuwepo, majani chai yalikuwepo. Shangazi mwenyewe alikuwamo kama kitanda.

Tangu hapo sijaweza kuliacha swali hili: mtu ana haki gani ya kwenda kutazama mahali ambapo wenzake wanaishi? Na kama anayo hiyo haki, akishafika anadaiwa nini? Wengi wetu tunajibu haraka kwamba anadaiwa adabu na pesa. Sema asante, lipa vizuri, usitupe chupa ovyo. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka tulipofika.

Tulifika Nyanchwa Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni. Shangazi alikuwa ameshamaliza kila kitu: chakula kimepikwa, maji yamechotwa, nguo zimeanuliwa, nyumba inang'aa. Tulipomweleza kwa furaha jinsi kesho tutakavyozunguka, alitutazama kama anayesubiri tumalizie mzaha.

"Kwani kesho mnaenda wapi? Kesho si ni Sabato?"

Nilikuwa nimesahau. Kanisa la Waadventista wa Sabato liko Nyanchwa tangu miaka ya 1910, na kwa watu wengi wa kilima kile Sabato si ratiba ya ibada tu. Jua likizama Ijumaa, kazi inasimama, biashara inasimama, hadi jua lizame tena Jumamosi. Shangazi hakutukataza. Alisema tu, kwa upole uleule anaoutumia kuuliza kama chai ina sukari ya kutosha, "Nyinyi ni watu wazima. Lakini hapa kwangu siku ya Sabato gari huwa halitoki kwenda kutembea."

Usiku tulinong'onezana chumbani kama watoto wa bweni. Mmoja alisema ukweli wake: sisi si Wasabato, gari tumelikodi kwa siku, na huku ni kupoteza siku nzima. Mwingine akasema dini ya mtu ni yake, asitulazimishe. Mimi nilikuwa katikati, mwenyeji na mgeni kwa wakati mmoja, nikijua kwamba wote wana hoja. Hakuna sheria ya Kenya inayomzuia mtu kuendesha gari Jumamosi. Tungeondoka alfajiri, shangazi angetuombea safari njema, na angetupikia tukirudi. Asingesema neno.

Hilo ndilo lililonifanya nisite. Haki tulikuwa nayo. Kitu ambacho hatukuwa nacho ni ujasiri wa kumtazama usoni baada ya kuitumia.

Tukabaki. Watatu tulikwenda kanisani, mmoja alilala. Mchana tulikula chakula cha jana yake: obokima bwa wimbi na sagaa iliyochemshwa na maziwa, ile ambayo Wakisii wanaiita chinsaga na ambayo mtu wa mara ya kwanza huimeza kwa imani. Alasiri mvua ikanyesha, kama inavyonyesha huko karibu kila alasiri. Wazee wawili wa jirani walipita kusalimia na kila mmoja aliniuliza swali lilelile: "Wewe ni wa nani?" Nikataja baba, nikataja babu, nikataja na ukoo. Wakaridhika. Halafu wakamgeukia rafiki yangu wa Mombasa. "Na huyu ni wa nani?" Kabla sijajibu, shangazi akasema, "Huyu ni wangu."

Hiyo ndiyo Jumamosi yetu yote. Hakuna picha hata moja ya kuweka Instagram.

Mwaka wa 1795, mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant aliandika kitabu kidogo kuhusu amani ya kudumu. Ndani yake alijaribu kupima haki ya mgeni, na jibu lake ni la busara kuliko nilivyotarajia kwa mtu ambaye karibu maisha yake yote hakutoka mkoa wake. Alisema kila mtu ana haki ya kuzuru. Dunia ni mviringo, hatuwezi kutawanyika bila mwisho, kwa hiyo lazima tukutane na tuvumiliane, na mgeni aliyekuja kwa amani asifanyiwe uadui. Lakini haki hiyo inaishia hapo. Haimpi mgeni haki ya kukaribishwa ndani, wala kukaa, wala kuchukua. Kukaribishwa kunahitaji mapatano mengine na mwenyeji. Halafu Kant akawageukia Wazungu wenzake na kuwalaumu kwamba wakifika nchi za watu, kwao kuzuru na kuteka ni kitu kimoja.

Ukiwa Kisii huhitaji kwenda mbali kuona alichomaanisha. Mwaka wa 1905, miaka 110 baada ya kitabu hicho, wanajeshi wa serikali ya kikoloni walivamia nchi ya Abagusii. Wakarudi mwaka wa 1908, baada ya kijana aitwaye Otenyo kumchoma mkuki Northcote, ofisa Mwingereza ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Inasimuliwa kwamba aliyemtia moyo Otenyo ni Moraa, mwanamke mganga na mtabiri aliyewaambia vijana waziwazi kwamba wageni hawa hawakuja kupita njia. Nyumba zilichomwa, ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu, watu waliuawa kwa idadi iliyomfanya hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni kule London, ahoji kwa maandishi kama kweli kulikuwa na haja ya kuendelea kuua. Otenyo aliuawa. Northcote alipona, akapanda vyeo, na mwishowe akawa gavana wa Hong Kong.

Sisi wanne na gari letu la kukodi si jeshi, najua. Lakini historia hiyo inanifundisha jambo moja. Swali la kwanza ambalo mwenyeji hujiuliza akimwona mgeni halihusu tabia ya mgeni. Anajiuliza: huyu, nikimwambia hapana, atasikia? Northcote na wenzake hawakuambilika. Kila jambo baya lililofuata lilitoka hapo. Na mtu anaweza kuwa na tabasamu, adabu na pesa za kutosha, na bado asiambilike.

Jumapili alfajiri tulipanda Manga. Kijana mmoja wa pale alituonyesha njia, tukafika juu wakati ukungu unainuka. Siwezi kuwadanganya, ni pazuri. Chini yako mashamba yamepangana kama khanga zilizoanikwa: ndizi, mahindi, majani ya ng'ombe, chai, mabati yanayometa, halafu tena ndizi. Hakuna hata hatua moja ya ardhi iliyoachwa. Mwenzetu mmoja alivuta pumzi na kusema, "Imajini kuamka hapa kila siku."

Yule kijana akacheka. "Mimi huamka hapa kila siku. Niko natafuta kazi Nairobi. Kama unaweza, nisaidie."

Tulicheka sote, lakini nadhani ndani ya kicheko hicho ndimo lilimo tatizo lote la kutazama. Ule uzuri tulioupiga picha una sababu zake. Kwa sensa ya mwaka wa 2019, kaunti ya Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba, na wengi wao si watu wa mjini, ni wakulima. Shamba la babu liligawanywa kwa wana, la baba likagawanywa tena, na sasa kaka wawili wanaweza kulala usiku wakiwaza mpaka wenye upana wa jembe. Zile khanga za rangi tulizozisifu ni hesabu ya urithi. Kijani kile hakina nafasi tupu kwa sababu hakuna mtu mwenye uwezo wa kuacha nafasi tupu. Tulichokiita mandhari, mwenyewe anakiita kesi.

Mwandishi Jamaica Kincaid wa Antigua aliwahi kuandika kitabu kikali kuhusu hili, mwaka wa 1988, kuhusu kisiwa chake kinachoishi kwa watalii. Hoja yake moja imenikaa: kwamba kila mtu wa mahali popote angependa kupumzika kutoka kwa maisha yake na kuwa mtalii mahali pengine, lakini wengi wa dunia hii ni maskini mno kuweza kwenda popote, na pia maskini mno kuweza kuishi vizuri pale walipo. Kwa hiyo wanapomtazama mtalii, wanachomwonea wivu ni uwezo wa kuondoka. Yule kijana wa Manga hakuhitaji kusoma kitabu hicho. Alikuwa amekisema chote kwa sentensi mbili, na kwa utani, kwa kuwa alikuwa na adabu kutuzidi.

Je, basi uzuri ni uongo? Sidhani. Shangazi mwenyewe husimama mlangoni asubuhi na kusema, "Leo Mungu ameamka vizuri." Mwenyeji pia huona uzuri. Tofauti ni kwamba yeye anauona pamoja na vingine vyote: mpaka, deni la mbolea, mvua ya mawe iliyoharibu chai. Mgeni huupata uzuri ukiwa umechujwa. Kosa haliko katika kuupenda. Kosa ni kudhani kwamba ulichokiona ndicho kilichopo, halafu kukirudisha kwa mwenyewe kama sifa na kumtaka ashukuru.

Kutoka Manga tulishuka, tukapita mjini na kuendelea hadi Tabaka, upande wa Mugirango Kusini. Huko ndiko yanakochimbwa yale mawe laini ambayo dunia inayajua kwa jina la Kisii, meupe, ya waridi na ya kijivu. Ukipita njiani unayaona kila mahali, malundo yake kando ya nyumba kama kuni. Huko Tabaka ndiko alikotoka mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye kazi yake imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Lakini kazi nyingi ya Tabaka haina jina la mtu. Kwa kawaida wanaume huchimba na kuchonga kwa panga na visu, kisha wanawake na watoto hulipiga jiwe msasa ndani ya maji mpaka liwe laini, wakalikausha na kulipaka rangi au nta. Wewe ukinunua kibakuli mtaani Nairobi au kwenye duka la uwanja wa ndege, ule ulaini unaoupenda kidoleni ni mikono ya mwanamke.

Tulimkuta mmoja wao ameketi chini ya mti, beseni mbele yake, vibakuli kama ishirini vimepangwa upande wa kushoto na vinne vilivyokamilika upande wa kulia. Rafiki yangu wa Mombasa alichuchumaa na kuinua simu. Mwanga ulikuwa mzuri, maji yalikuwa meupe kama maziwa, mikono ilikuwa imepauka kwa unga wa jiwe. Alipiga picha mbili. Mama yule akainua kichwa.

"Baba, unapiga picha ya nini?"

Rafiki yangu alishtuka kuitwa baba, maana yeye ni msichana. Nikamweleza kwamba kwa Ekegusii baba ni mama, na kwamba ameitwa hivyo kwa upendo. Akajibu kwamba anapiga picha ya kazi, kwa sababu ni kazi nzuri sana.

"Kama ni nzuri, shika." Akampa kipande cha msasa na kibakuli kimoja kutoka upande wa kushoto.

Kila mtu alidhani ni utani. Haukuwa utani. Mama aliendelea na chake, akimwangalia kwa pembe ya jicho, na mara moja moja akimrekebisha: "Usikwaruze, zungusha. Weka maji. Bado, hapo chini bado." Baada ya muda nasi tukakaa, tukapewa vyetu. Ilipita karibu saa nzima na nusu. Vidole viliuma, mgongo uliuma. Katika saa hiyo tulizungumza mambo ambayo hakuna mtu angetuambia tukiwa tumesimama na simu: jinsi mfanyabiashara wa kati anavyokuja na lori na bei yake mfukoni, jinsi mtoto wake wa pili alivyokataa katakata kugusa jiwe, jinsi Disemba inavyokuwa na kazi na Februari inavyokuwa na njaa.

Na kuna jambo moja la aibu lazima niliseme. Kabla ya kukaa pale, nilikuwa nimeuliza bei ya kibakuli. Alisema 400. Mimi, kwa mazoea tu, nikasema, "Mama, mwisho ngapi? Nipee na 250." Akakubali haraka mno, kwa haraka ya mtu ambaye hajauza kitu tangu asubuhi. Nilijiona mjanja. Baada ya kusugua kibakuli kimoja kwa saa nzima na nusu, na bado mama akakirudia kwa sababu hakikuwa laini, nilikuwa na hesabu tofauti kabisa kichwani. Nililipa 400. Sitaki sifa kwa hilo. Bei ilikuwa 400 tangu mwanzo. Nilichofanya ni kuacha kumnyang'anya 150.

Ukitaka kujua bei ya haki ni ipi, wachumi watakupa majibu ya kila aina. Mimi nina jibu la mtu wa kawaida: bei ya haki ni ile ambayo ungeiona sawa kama wewe ndiye uliyekuwa unasugua. Si rahisi kuijua ukiwa umesimama.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nililisikia garini tukirudi Nyanchwa. Mwenzetu alisema: hizi ni hisia za wikendi. Mama yule hahitaji msasa wenu, anahitaji wateja. Mkija kumi mkanunua na kuondoka, amefaidika kuliko nyinyi wanne mliokaa mkamharibia kibakuli. Wageni wanaleta pesa, pesa inasomesha watoto, mengine ni mashairi.

Ana haki kwa sehemu kubwa. Sitaki kuandika insha ya kumwambia mtu wa Tabaka kwamba hahitaji pesa zetu. Lakini pesa pekee haizuii mgeni kuharibu. Huko Wales, nchi ya mabonde na vijiji vidogo ambavyo Waingereza wengi huvipenda kwa likizo, wageni waliopapenda sana walianza kununua nyumba. Walilipa vizuri, hakuna aliyeiba. Matokeo yake katika baadhi ya vijiji bei ilipanda mpaka vijana waliozaliwa pale hawakuweza kununua nyumba kwao, na madirisha mengi yakawa giza miezi yote ya baridi. Tangu mwaka wa 2023 sheria ya Wales inaruhusu halmashauri kuwatoza wenye nyumba hizo za pili nyongeza ya hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida. Wageni wale walipenda, walilipa, na bado kijiji kikabaki hakina watu.

Kabla hatujawacheka, tutazame kwetu. Pita barabara yoyote ya Kisii au Nyamira uhesabu nyumba za ghorofa zenye geti zuri na pazia zilizofungwa. Wenyewe tuko Nairobi, wako Minnesota, wako Dubai. Zinafunguliwa Disemba wiki mbili na siku ya mazishi. Zimesimama juu ya ardhi ileile ambayo kaka wawili wanaikosea usingizi. Sisi watoto wa nyumbani tumekuwa wageni wa nyumbani, na ni wageni wa aina ngumu zaidi, kwa sababu hakuna mtu anayethubutu kutuuliza tumekuja kufanya nini.

Hapo ndipo nakumbuka methali ambayo kila mtoto wa shule Afrika Mashariki ameiandika kwenye insha bila kuifikiria: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumeizoea kama mzaha wa kumfukuza mgeni anayekaa sana. Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la mwaka wa 1962 kueleza kwamba katika jamii ya zamani kila mtu alifanya kazi, na akaongeza kwamba mgeni mara nyingi aliliomba jembe hata kabla hajapewa. Ukiisoma hivyo, methali inageuka. Jembe linakuwa heshima. Kumpa mtu jembe ni kumwambia: siku mbili tulikutazama kama mtu wa kupita, leo tunakuhesabu. Una mikono, nasi tuna kazi. Asiyepewa jembe hata baada ya mwezi mzima, huyo bado hajaaminiwa.

Utalii, kama tunavyoufanya, umepangwa ili siku ya tatu isifike. Tunakuja Ijumaa, tunaondoka Jumapili. Tukikaa wiki, kila siku tunalala mahali papya, kwa hiyo kila mahali ni siku ya kwanza. Tunalipa ili tusidaiwe kitu kingine. Na kwa kweli ndiyo raha yake. Sisemi kila safari iwe kazi, hata mimi nitarudi Naivasha. Lakini nadhani tumepata jibu la lile swali la grupu. Mgeni ana haki ya kuja. Anachodaiwa ni kuambilika: mahali pale pawe na uwezo wa kumbadilishia plani, kumkatalia picha, kumpa msasa, kumwambia leo ni Sabato. Asiyeweza kuambiwa chochote hajazuru mahali, amepita tu mbele yake. Na pesa, hata iwe nyingi, hailipi deni hilo, kwa sababu mara nyingi tunaitoa ili tusiambiwe.

Ningependa kumalizia hapo, lakini nitakuwa nimejipamba.

Jumatatu asubuhi shangazi alitujazia gari ndizi, parachichi na miwa, akamwambia rafiki yangu wa Mombasa kwamba sasa anajua njia, asingoje kuletwa. Miezi mitatu baadaye akanipigia simu. Ukuta wa mawe pale chini, karibu na kaburi la babu, ulikuwa umeporomoka kwa mvua, na Jumapili ya mwisho wa mwezi vijana wa ukoo watakutana kuujenga upya. Alitaka nijue. Nilitazama kalenda. Kulikuwa na kazi, kulikuwa na harusi ya mtu, kulikuwa na nauli. Nikatuma elfu tano kwa M-Pesa, nyingi kuliko mchango wa mtu yeyote, na nikasikia moyo umetulia.

Alipiga jioni ileile. Alishukuru sana, akaniombea baraka, akasema pesa itanunua saruji. Nikadhani tumemaliza.

"Sawa," akasema. "Saruji imepatikana. Wewe sasa unakuja saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Jumapili hiyo ni wiki ijayo. Nimeandika haya yote, na bado sijakata tiketi.